Tết, Trung Thu, hija za majira ya kuchipua au Katê: sikukuu ipi ya Vietnam inakufaa?

Watu wengi wanaopanga safari ya Vietnam husikia kwanza habari za Tết, na kwa kuwa ndiyo sikukuu kubwa kuliko zote nchini humo, huamua papo hapo kwamba ndiyo ya kuiendea. Uamuzi huo huweza kuwa sahihi, lakini aghalabu hufanywa bila kuuliza kwanza sherehe yenyewe hufanyikia wapi. Tết hufanyika nyumbani, nyuma ya milango. Trung Thu hufanyika barabarani. Hija za majira ya kuchipua hufanyika mlimani na mtoni, na Katê huanzia mbele ya mnara wa kale kabla ya kuhamia vijijini. Mgeni asiye na mwenyeji anaweza kukaa Hanoi siku zote za Tết asionje zaidi ya ukimya wa mitaa iliyofungwa, ilhali mgeni huyohuyo angefika Septemba angejikuta katikati ya watoto na kandili bila kualikwa na mtu yeyote.

Makala haya yanalinganisha chaguo nne: Tết Nguyên Đán, yaani Mwaka Mpya, Trung Thu, sikukuu ya mwezi mpevu wa mwezi wa nane wa kalenda ya Kivietnam, hija na sherehe za majira ya kuchipua kaskazini, yaani Chùa Hương, Lim na kumbukumbu ya Wafalme Hùng, na Katê ya Wacham, jamii ya watu wachache wa pwani ya kusini-kati. Sikukuu za kitaifa za 30 Aprili na 2 Septemba nimeziacha makusudi, kwa sababu isipokuwa katika mwaka wa gwaride kubwa, kama ulivyokuwa 2025, siku hizo Wavietnam wenyewe hukimbilia ufukweni, na anachokipata mgeni ni hoteli zilizojaa. Mashindano ya fashifashi ya Đà Nẵng, yanayofanyika majira ya joto, yanapendeza sana, lakini hayo ni maonyesho ya tiketi na viti vyenye namba, na anayeyataka hahitaji ulinganisho wa kumsaidia kuamua.

Vigezo vilivyotumika

Kila chaguo limepimwa kwa mambo yaleyale. La kwanza ni uwazi kwa mgeni: je, mtu asiyejua lugha wala asiye na mwenyeji ataingia ndani ya sherehe, au atabaki akichungulia? La pili ni tarehe na hali ya hewa. La tatu ni usafiri na gharama. La nne ni chakula, jambo ambalo waandishi wengi wa safari hulipitia juujuu, lakini kwa msomaji Mwislamu, au Msabato, linaweza kuamua safari nzima, kwa kuwa nyama ya nguruwe na mafuta yake vimo karibu katika kila pishi la sherehe la Wavietnam walio wengi. La mwisho ni aina ya msafiri anayefaidika.

Kuhusu tarehe, ni muhimu kuelewa kwamba sikukuu hizi hufuata mwezi, lakini si kama Idi. Kalenda ya Kivietnam huongeza mwezi wa kumi na tatu kila baada ya miaka miwili au mitatu ili iendane na jua, na kwa hiyo Tết haizunguki mwaka mzima, bali hubaki kati ya wiki ya tatu ya Januari na wiki ya tatu ya Februari. Tết ya 2027 ni tarehe 6 Februari, na ya 2028 ni tarehe 26 Januari. Kwa kuwa Tết na Ramadhani zote huanza mwezi unapoandama, miaka hiyo miwili zinakaribiana mno: Ramadhani inatarajiwa kuanza siku mbili hivi baada ya Tết. Mwaka 2029 mambo yanageuka, kwani Tết itakuwa 13 Februari na Idi el-Fitri inatarajiwa siku moja au mbili baadaye. Anayefunga na azipime tarehe hizi kabla ya kulipa nauli.

Tết: Mwaka Mpya

*Uwazi kwa mgeni.* Tết ina sehemu mbili zinazotofautiana kama mchana na usiku, na wageni wengi hufika kwa ile isiyowahusu. Sehemu ya kwanza ni maandalizi, yanayoanza rasmi siku ya 23 ya mwezi wa kumi na mbili wa kalenda yao, familia zinapoagana na miungu ya jikoni, ambao inaaminika hupanda mbinguni wakiwa juu ya samaki kwenda kutoa taarifa za mwaka mzima. Siku hiyo utaona watu wakiachilia samaki wekundu ziwani na mtoni. Kuanzia hapo nchi nzima huwa sokoni. Pikipiki hupita zikiwa na mti mzima wa vichungwa vidogo umefungwa nyuma ya dereva, au tawi la mpichi lenye maua ya waridi kule kaskazini, au la mai lenye maua ya manjano kule kusini. Katika mtaa wa Hàng Lược, ndani ya mji mkongwe wa Hanoi, soko la maua la Tết hufurika barabara nzima.

Wakati huo ndio vyungu vya bánh chưng huwekwa motoni. Keki hii ya mraba hutengenezwa kwa mchele wa kunata, choroko na nyama ya nguruwe, ikafungwa kwa majani mapana ya dong na kukazwa kwa kamba nyembamba za mwanzi, kisha ikachemshwa kwa saa kumi au zaidi, hivyo kwamba lazima mtu akeshe akiongeza maji na kuni. Siku ya kula, hawatumii kisu: kamba zilezile zilizoifunga hutandazwa juu ya keki kwa mpangilio wa nyota, keki inageuzwa, kisha kila kamba inavutwa kutoka upande mmoja hadi mwingine, na keki inagawanyika vipande vinane visivyochanika. Kusini keki ya aina hiyo ni ya mviringo mrefu na huitwa bánh tét.

Sehemu ya pili huanza baada ya usiku wa manane. Serikali hurusha fashifashi katika miji mikubwa, na huo ndio mlipuko pekee utakaousikia, kwa maana fataki za mitaani zimepigwa marufuku tangu Tết ya 1995. Asubuhi ya siku ya kwanza milango hufungwa. Mtu wa kwanza kuvuka kizingiti huaminika kuleta bahati au nuksi ya mwaka mzima, na familia nyingi humchagua mapema, hivyo mgeni anayebisha hodi asubuhi hiyo bila mwaliko anawatia wenyeji katika mashaka makubwa hata kama watamtabasamia. Aliye katika msiba pia hatarajiwi kutembelea nyumba za watu siku hizo. Kwa desturi siku ya kwanza ni ya upande wa baba, ya pili ni ya upande wa mama, na ya tatu ni ya mwalimu, mpangilio unaoonyesha wazi kwamba mtalii hakuwekewa siku yake.

Hata hivyo kuna milango iliyo wazi. Katika Hekalu la Fasihi la Hanoi, lililojengwa 1070, wanafunzi na wazazi hujazana kuomba heri ya mitihani na kununua maandishi ya wino kutoka kwa wazee wa hati. Katika Jiji la Ho Chi Minh, barabara ya Nguyễn Huệ hugeuzwa kuwa bustani ya maua kila mwaka tangu 2004, na watu hutembea humo wakiwa wamevaa áo dài, vazi refu la kitamaduni, wakipigana picha. Ukialikwa nyumbani, watoto wapewe bahasha nyekundu zenye noti mpya, nao ni utaratibu ambao aliyekua akisubiri mkono wa Idi hatahitaji kufundishwa. Noti za dong, fedha ya Vietnam, za 10,000 au 20,000 zinatosha, maadamu ni mpya.

*Tarehe na hali ya hewa.* Hanoi wakati huo kuna baridi ya unyevunyevu na manyunyu yasiyokatika, na anayetoka Dar es Salaam au Mombasa bila koti zito atajuta. Jiji la Ho Chi Minh ni kavu na lina joto la kawaida. Katikati ya nchi mvua huwa zinaishia.

*Usafiri na gharama.* Hapa ndipo Tết inapoumiza. Tiketi za treni huanza kuuzwa miezi kadhaa kabla, na zile za siku za karibu huisha upesi. Lakini umati una mwelekeo: kabla ya Tết, wafanyakazi hutoka Jiji la Ho Chi Minh na viwanda vyake kurudi kwao kaskazini na katikati, na baada ya Tết hurudi kusini. Msafiri anayeshuka kutoka Hanoi kwenda kusini kabla ya sikukuu, au anayepanda kaskazini baada yake, anakwenda kinyume cha mkondo na hupata nafasi kwa urahisi zaidi katika reli hiyo ya kilomita 1,726. Migahawa michache inayobaki wazi huongeza bei, na teksi za kuitwa kwa programu ya simu huadimika.

*Chakula.* Bánh chưng, soseji za giò na mchuzi wa nyama na mayai wa kusini vyote ni vya nguruwe. Neno la kulishika ni chay, yaani chakula kisicho na nyama, kwani Wabudha wengi hula hivyo siku ya kwanza na ya kumi na tano ya kila mwezi wa kalenda yao. Msikiti wa Al-Noor, ambao ndio pekee Hanoi, uko katika mtaa uleule wa Hàng Lược wenye soko la maua, kwa hiyo anayetoka kuswali anaingia moja kwa moja kwenye Tết.

*Inamfaa nani.* Tết inamfaa mwenye rafiki, mkwe au mwanafunzi mwenzake wa Kivietnam aliyemwalika. Inamfaa pia asiyealikwa lakini aliye tayari kufika siku kumi kabla na kuridhika na maandalizi. Mwenye siku tano tu na orodha ndefu ya makumbusho haimfai.

Trung Thu: mwezi mpevu wa mwezi wa nane

*Uwazi kwa mgeni.* Kati ya sherehe zote nne hii ndiyo iliyo wazi kuliko nyingine, kwa sababu wenye sikukuu ni watoto, na watoto hawana protokali. Wiki mbili au tatu kabla, mtaa wa Hàng Mã wa Hanoi, ambao mwaka mzima huuza vitu vya karatasi vya kuchomwa kwa ajili ya wahenga, hugeuka kuwa mto mwekundu wa kandili, vinyago na ngoma ndogo. Kandili ya asili ina umbo la nyota ya pembe tano, iliyoundwa kwa fito za mwanzi na kuvikwa karatasi angavu yenye rangi. Siku hizi imesongwa na taa za plastiki zenye betri na muziki mkali, na mimi ningemshauri msafiri apite kwenye vibanda vya pembeni ambako zile za mwanzi bado zinauzwa. Katika Jiji la Ho Chi Minh mtaa wa namna hiyo ni Lương Nhữ Học, katika kitongoji cha Wachina cha Chợ Lớn. Vikundi vya vijana huzunguka na ngoma ya simba wakicheza mbele ya maduka, na mwenye duka huwapa fedha.

Anayetaka kitu kikubwa zaidi aende Tuyên Quang, mwendo wa saa chache kaskazini mwa Hanoi. Huko wakazi wa kila mtaa hukaa wiki nyingi wakiunda kandili kubwa kama lori, zenye maumbo ya samaki, majoka na wahusika wa hadithi, na kuzipitisha mjini usiku zikiwa zimewabeba watoto. Ni kazi ya majirani, si ya kampuni za matangazo, na hilo linaonekana hata katika kasoro zake.

*Tarehe na hali ya hewa.* Trung Thu ya 2026 ni 25 Septemba na ya 2027 ni 15 Septemba. Tatizo lake ni tufani. Tufani Yagi iliipiga Vietnam ya kaskazini tarehe 7 Septemba 2024, siku kumi tu kabla ya sikukuu, na maeneo mengi yakafuta au yakapunguza sherehe kwa heshima ya waliofariki. Anayepanga safari ya Trung Thu kaskazini aache nafasi ya kubadilisha mpango.

*Usafiri na gharama.* Si siku ya mapumziko ya kitaifa. Mabasi hufanya kazi, benki ziko wazi, bei za hoteli hazipandi sana isipokuwa Tuyên Quang na Hội An, mji wa kale wa katikati ya nchi. Usiku wenyewe mji mkongwe wa Hanoi haupitiki kwa gari, kwa hiyo afadhali kulala karibu na kwenda kwa miguu.

*Chakula.* Keki za mwezi ni za aina mbili: bánh nướng iliyookwa, na bánh dẻo nyeupe, laini, isiyookwa. Zile za mchanganyiko huwa na mafuta au nyama ya nguruwe ndani. Zenye mbegu za yungiyungi au choroko ni salama zaidi, lakini ni vema kutafuta sanduku lililoandikwa chay, kwa sababu mafuta ya unga nayo huweza kuwa ya nguruwe.

*Inamfaa nani.* Familia zenye watoto, mtu anayesafiri peke yake, mpiga picha, na kila mwenye muda mfupi. Anayetafuta ibada au historia ndefu ataiona nyepesi.

Hija za majira ya kuchipua: Chùa Hương, Lim na Wafalme Hùng

*Uwazi kwa mgeni.* Baada ya Tết, kaskazini huingia katika msimu wa sherehe za vijiji na mahekalu unaodumu kama miezi mitatu. Hapa mgeni haulizwi ni nani, kwa sababu kila mtu ametoka kwingine.

Chùa Hương ni kundi la mahekalu ya Kibudha milimani, kusini-magharibi mwa Hanoi. Msimu wake hufunguliwa siku ya sita ya mwaka mpya, ambayo mwaka 2027 ni 11 Februari, na huendelea hadi mwisho wa mwezi wa tatu wa kalenda yao. Safari huanza kwa mashua za bati zinazopigwa makasia, wengi wa wapiga makasia wakiwa wanawake, kwa muda wa saa nzima juu ya kijito cha Yến kati ya vilima vya chokaa. Kisha mahujaji hupanda kwa miguu, au kwa gari la kamba, hadi pango la Hương Tích, ambalo mlangoni pake kuna maandishi yaliyochongwa 1770 yanayolisifu kuwa pango la kwanza chini ya mbingu za kusini. Ndani, mawe yanayoning'inia yamepewa majina: lundo la mpunga, mti wa dhahabu, mti wa fedha, na wanaotaka mtoto hugusa mawe mawili yanayoitwa la msichana na la mvulana. Watu hukinga viganja chini ya matone yanayodondoka, hujipangusa usoni, kisha hupisha wengine, na yote hayo hufanyika katika moshi wa udi na msongamano wa mabega.

Lim, katika mkoa wa Bắc Ninh, si mbali na Hanoi, ni sherehe ya nyimbo. Kilele chake ni siku ya 13 ya mwezi wa kwanza, yaani 18 Februari 2027. Waimbaji wa quan họ, wanawake waliovaa kanzu za rangi zilizopandana na kofia pana bapa, na wanaume wenye vilemba vyeusi, huimba kwa kujibizana wakiwa ndani ya mashua au kwenye mahema, na kabla ya kuimba humkaribisha mgeni kwa tambuu iliyokunjwa na popoo. UNESCO iliutambua uimbaji huu 2009. Lalamiko la haki kuhusu Lim ni vipaza sauti: hema hili linashindana na lile mpaka wimbo unaoimbwa kwa kutetemesha koo taratibu unapotea. Ambaye anaweza kufika usiku wa kuamkia siku hiyo, wakati vikundi vinapokaa kwenye mikeka na kuimbiana, atasikia kile ambacho kimesifiwa.

Kumbukumbu ya Wafalme Hùng, siku ya 10 ya mwezi wa tatu wa kalenda yao, hufanyika katika mlima Nghĩa Lĩnh, mkoani Phú Thọ. Ni siku ya mapumziko ya kitaifa tangu 2007, na ibada ya wafalme hao wa kale ilitambuliwa na UNESCO 2012. Watu hupanda ngazi kupitia hekalu la chini, la kati na la juu wakitoa heshima kwa waasisi wa taifa, na keki ya mraba ya Tết hurudi tena hapa, kwani kisa kinasema mwanamfalme maskini Lang Liêu ndiye aliyeitunga kuwa mfano wa dunia, pamoja na keki ya duara kuwa mfano wa mbingu, akarithishwa kiti.

*Tarehe na hali ya hewa.* Kuna baridi na manyunyu Februari, na hali nzuri zaidi Machi na Aprili. Siku ya Wafalme Hùng ni 16 Aprili 2027 na 4 Aprili 2028. Faida ya Chùa Hương ni urefu wa msimu: aliyekosa ufunguzi bado ana majuma mengi, na siku za katikati ya juma huwa tulivu kuliko mwisho wa juma.

*Usafiri na gharama.* Kila mahali kati ya hapa patatu panaweza kufikiwa kwa safari ya siku moja kutoka Hanoi, na hilo hupunguza gharama za malazi kwa kiasi kikubwa. Siku ya Hùng yenyewe barabara hujaa. Kwenda siku mbili tatu kabla hukupa shughuli nyingi zilezile na nusu ya umati.

*Chakula.* Karibu na mahekalu chay hupatikana kwa wingi, ingawa vibanda vya njiani Chùa Hương hutundika nyama za kila namna mbele ya wapita njia, na si kila mmoja atapendezwa. Kwa 2027, sehemu ya Februari na mwanzo wa Machi itakuwa ndani ya Ramadhani. Aprili haina tatizo hilo.

*Inamfaa nani.* Mwenye miguu imara na subira ya foleni, anayependa ibada za watu wa kawaida kuliko maonyesho, na ambaye tayari atakuwa Hanoi kwa shughuli nyingine.

Katê: sikukuu ya Wacham

*Uwazi kwa mgeni.* Wacham walikuwa na dola yao ya Champa katika pwani ya kati kwa karne nyingi kabla ya kumezwa na Wavietnam, na Katê ni sikukuu ya wale miongoni mwao wanaofuata dini yenye asili ya Kihindu. Kituo chake kikuu ni mnara wa matofali mekundu wa Po Klong Garai, mfalme wa kale wa Champa, juu ya kilima kidogo kando ya mji wa Phan Rang. Siku moja kabla, watu wa kabila la Raglai hushuka kutoka milimani wakiwa wamebeba mavazi ya kifalme wanayowatunzia Wacham, na mavazi hayo hupokewa kwa maandamano. Asubuhi inayofuata makuhani huomba ruhusa ya kufungua mlango wa mnara, kisha jiwe lenye sura ya mfalme huoshwa na kuvikwa. Chumba cha ndani ni kidogo na hakitoshi wageni. Lakini nje, kwenye uwanja, ngoma za ginang na zumari ya saranai huendelea, wanawake hucheza wakiwa na mapepeo mkononi, na familia hutandika mikeka na sadaka zao. Baada ya mnara, sherehe huhamia vijijini na mwishowe majumbani.

Mgeni anakaribishwa, lakini hii ni ibada ya watu wachache katika nchi yao wenyewe, na adabu inapimwa hapa kuliko Hàng Mã: mavazi ya kufunika mabega na magoti, kamera ishushwe mlango unapofunguliwa. Karibu na Phan Rang kuna kijiji cha wafumaji cha Mỹ Nghiệp na cha wafinyanzi cha Bàu Trúc, ambako mwanamke hufinyanga chungu bila gurudumu, akikizunguka yeye mwenyewe kinyumenyume huku mikono ikiendelea kulainisha udongo.

*Tarehe na hali ya hewa.* Katê huangukia siku ya kwanza ya mwezi wa saba wa kalenda ya Kicham, kwa kawaida mwishoni mwa Septemba au Oktoba, na tarehe halisi inafaa kuhakikishwa mwaka wenyewe. Eneo hilo ndilo kame kuliko yote Vietnam, lakini mvua chache zilizopo hunyesha miezi hiyo.

*Usafiri na gharama.* Kituo cha treni cha Tháp Chàm kiko karibu kabisa na mnara, na uwanja wa ndege wa Cam Ranh uko mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Gharama ni ndogo. Tahadhari moja: tangu 1 Julai 2025 mikoa ya Vietnam imepunguzwa kutoka 63 hadi 34, na Ninh Thuận, mkoa unaotajwa katika maelezo ya zamani, sasa ni sehemu ya Khánh Hòa.

*Chakula.* Mbuzi na kondoo hufugwa kwa wingi katika nchi hii kavu, na Wacham wa Kibani, jirani zao ambao dini yao imechanganyika na Uislamu, hawali nguruwe. Hilo halifanyi kila nyama kuwa halali, lakini humpa Mwislamu mahali pa kuulizia.

*Inamfaa nani.* Anayejali historia, ufumaji, usanifu na dini. Na aliyekwisha kuona Hanoi na Jiji la Ho Chi Minh. Kama tarehe haikubaliani nawe, Ok Om Bok ya Wakhmer wa delta ya Mekong, katika mwezi mpevu wa Novemba hivi, ina mashindano ya mitumbwi yenye wapiga kasia hamsini hadi sitini kila mmoja, nayo hutazamwa kutoka ukingoni bila itifaki yoyote.

Kwa hali yako

Kama una mwaliko wa nyumbani, chukua Tết hata kwa gharama yake, na umwulize mwenyeji siku na saa ya kufika badala ya kujipangia. Kama huna mwaliko lakini unaitaka Tết, fika kuanzia siku ya 20 hivi ya mwezi wa kumi na mbili wao, maliza ununuzi na uhamisho wako wote kabla ya mkesha, kisha ukae mji mmoja. Hội An ni chaguo jema kwa hilo, kwa kuwa maduka mengi ya wageni hubaki wazi.

Kama unasafiri na watoto, au una juma moja tu la likizo, Trung Thu ya Hanoi itakupa mengi kwa usumbufu mdogo. Ongeza Tuyên Quang ikiwa mna usiku wa ziada na utabiri wa hewa ni mzuri.

Kama unafunga Ramadhani, 2027 na 2028 si miaka ya Tết wala Lim kwako, isipokuwa unapenda kufuturu ugenini. Aprili ya Wafalme Hùng, Trung Thu na Katê zote ziko mbali na mfungo.

Kama umeenda Hanoi kwa biashara kati ya Februari na Aprili, huhitaji safari nyingine: Chùa Hương ni ya siku moja, na katikati ya juma.

Kama tarehe zako hazisogei na hazigusi sikukuu yoyote kati ya hizi, angalia tu siku ya 14 ya mwezi wa kalenda yao itakuwa lini. Jioni hiyo, kila mwezi, Hội An huzima taa nyingi za umeme za mji mkongwe na kuwasha kandili.

Kuhusu viza, tangu 15 Agosti 2023 raia wa nchi zote wanaweza kuomba viza ya kielektroniki ya hadi siku 90, kwa dola 25 za Marekani kwa kuingia mara moja au 50 kwa kuingia mara nyingi. Maombi hushughulikiwa kwa siku za kazi pekee, na katika juma la Tết siku hizo hazipo, kwa hiyo anayekwenda kwa ajili ya Mwaka Mpya aombe mwezi mzima kabla.